Kusoma sheria ya uhuru wa raia na haki za binadamu Lubumbashi: mwongozo kamili kwa mwanafunzi

Ukisema "Kasapa" hapa Lubumbashi, mmoja ataelewa kampasi ya chuo kikuu, mwingine ataelewa gereza kuu. Vyote viwili viko upande huo huo wa mji. Huku mwanafunzi wa droit (sheria) ananakili kozi ya Libertés publiques (uhuru wa raia), kule kuna mtu anahesabu miezi bila kuitwa mbele ya jaji. Kozi inaweza kumalizika bila mtu kulitaja gereza hilo hata mara moja, na hapo ndipo wengi wetu tunapoanza kuisoma vibaya: tunaanza na Wafaransa wa 1789, tunapita kwenye Azimio la Ulimwengu la 1948, tunakariri vizazi vitatu vya haki, halafu mtihani unakuja na swali kuhusu mama aliyelala kasho (mahabusu ya polisi) siku nne na kalamu inagoma.

Msimamo wangu ni huu: somo hili linaanza kwenye tukio, kisha ndiyo unakwenda kwenye ibara. Historia ina nafasi yake, lakini si ya kwanza. Mwongozo umeandikwa kwa mwanafunzi wa Lubumbashi, ila sheria zenyewe ni za Kongo (RDC) nzima, kwa hiyo aliye mji mwingine anaweza kuutumia bila kubadilisha chochote isipokuwa majina ya mitaa.

Kabla ya kozi kuanza

Kozi hii inategemea nyingine. Sheria ya katiba ndiyo mama yake. Bila kujua Mahakama ya Katiba inafanya nini, au sheria inapitaje bungeni, utakuwa unasoma majina tu. Utahitaji pia kipande cha mwenendo wa kesi za jinai, ile procédure pénale. Kama hamjaifikia, usingoje. Soma peke yako sehemu inayohusu kukamata na kuzuia watu katika dekrii ya 6 Agosti 1959. Ni kurasa chache, na nusu ya mifano ya kozi inatoka humo.

Kisha chapisha maandishi manne kwenye karatasi: Katiba ya 18 Februari 2006 jinsi ilivyorekebishwa Januari 2011, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, na hiyo dekrii ya 1959. Ukipata franka za ziada, ongeza kitabu cha pili cha Code pénal (sheria ya makosa ya jinai). Nasema karatasi kwa sababu SNEL ikikata umeme na simu ikizima usiku wa kuamkia mtihani, PDF haina faida kwako. Sheria nyingi za Kongo zinapatikana bure kwenye tovuti ya Leganet. Vibanda vya fotokopi vitafanya yaliyobaki.

Silabusi nunua kama asistanti anadai ununue, maana hiyo vita haina mshindi. Lakini usiichukue kama sheria. Silabusi huzeeka. Iliyoandikwa kabla ya 2023 bado itakuambia kwamba uhuru wa vyombo vya habari unaongozwa na sheria ya 22 Juni 1996, wakati ordonnance-loi (amri ya rais yenye nguvu ya sheria) ya 13 Machi 2023 imekwisha kuchukua nafasi yake. Ya kabla ya 2024 itakuambia hukumu ya kifo haitekelezwi kwa sababu ya usitishaji ulioanza 2003, kumbe waraka wa Wizara ya Sheria wa 13 Machi 2024 ulikwisha kuuondoa. Kila ukiona tarehe ya sheria kwenye silabusi, jiulize kama imebadilishwa. Mwalimu atakayekukasirikia kwa hilo ni nadra, na wengi watakupa pointi.

Isome Katiba kwa mpangilio wako

Usianze ibara ya 1. Anza ya 60: inasema kuheshimu haki za binadamu ni wajibu wa mamlaka za umma na wa kila mtu. Maana yake, bosi wa kampuni ya migodi naye yumo, na jirani yako pia. Halafu nenda ya 61, inayoorodhesha haki ambazo haziguswi hata nchi ikiwa katika hali ya dharura au ya kuzingirwa (état de siège, jeshi likishika utawala): uhai, katazo la mateso na la utumwa, kutoadhibiwa bila sheria, haki ya kujitetea na ya kukata rufaa, katazo la kufungwa kwa sababu ya deni, uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Ikariri hiyo. Ni moja kati ya ibara chache ninazokuambia uzikariri.

Baada ya hapo soma 16 hadi 20, ambazo zinalinda mwili na uhuru wa mtu, kisha 23 hadi 30: maoni, vyombo vya habari, mikutano, maandamano, barua za malalamiko kwa serikali, haki ya kukataa amri iliyo haramu waziwazi, nyumba, na kutembea nchini.

Mwisho zichukue ibara ambazo mimi naziita za zana, kwa sababu hazitoi haki ila zinakupa njia ya kuidai. Ya 150 inamfanya jaji kuwa mlinzi wa uhuru wa mtu. Ya 215 inaweka mikataba iliyoridhiwa juu ya sheria za bunge. Ya 162 inamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama ya Katiba kupinga sheria au kanuni, na inamruhusu aliye kesini kuliinua jambo hilo mbele ya jaji wake, ambaye hapo lazima asimamishe kesi na kulipeleka swali Kinshasa. Ya 220 inakataza marekebisho yoyote yanayopunguza haki na uhuru wa mtu. Ya 221 inasema sheria za zamani zinabaki, mradi hazipingani na Katiba. Wanafunzi wengi hawaifiki hiyo ya 221 kwa sababu iko mwishoni kabisa. Tutaihitaji hivi karibuni.

Karatasi moja kwa kila haki

Kwa kila haki tengeneza karatasi moja yenye majibu ya maswali sita: imeandikwa wapi (Katiba, mikataba, sheria), ni ya nani, nani anabanwa nayo, mipaka yake ni ipi, nani anahukumu ikivunjwa, na adhabu au fidia ni nini. Swali la tano na la sita ndilo linalotenganisha mwanasheria na mtu wa hotuba. Mtu yeyote sokoni anajua ana haki. Wewe unatakiwa ujue mlango wa kubisha.

Tukio la kwanza: mama wa likelemba

Hapa nitakaa, kwa kuwa zoezi hili moja likikuingia, nusu ya kozi imekuingia.

Wanawake kumi wa soko la Kenya wana likelemba. Kila wiki kila mmoja anatoa franka 50 000, na mmoja anachukua zote. Mama muuza makayabo (samaki wa chumvi) amechukua zamu yake wiki ya tatu, biashara ikaharibika, tangu hapo hatoi kitu. Wenzake wanamshitaki. Ijumaa saa kumi na moja jioni polisi wanamchukua. Kwenye PV (maandishi ya mahojiano), OPJ (ofisa wa polisi ya mahakama) anaandika "abus de confiance", yaani kuvunja uaminifu. Jumanne asubuhi bado yuko kasho. Binti yake anaambiwa: "Leta pesa za watu, mama atatoka."

Kitu cha kwanza ni saa. Usiandike ibara yoyote kabla hujapanga saa. Ijumaa saa kumi na moja jioni hadi Jumapili saa kumi na moja jioni ni saa 48. Ibara ya 18 inasema garde à vue (kuzuiliwa na polisi) haipiti hapo. Muda ukiisha, mtu anaachiwa au anapelekwa mbele ya mamlaka ya mahakama inayohusika. Utasikia kwamba Jumapili parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) haifanyi kazi. Soma ibara tena: haina wikendi ndani yake. Kwa hiyo tangu Jumapili jioni mama anazuiliwa bila msingi, hata kama kosa lingekuwa la kweli. Hilo pekee linatosha kwa aya ya kwanza ya jibu lako.

Sasa kosa lenyewe. Kifungu cha 95 cha kitabu cha pili cha Code pénal kinamwadhibu anayetumia vibaya kwa hila mali au pesa alizokabidhiwa azirudishe au azitumie kwa kazi maalumu. Je, mama alikabidhiwa? Hapana. Alipewa zamu yake, pesa zikawa zake. Anachodaiwa ni michango ya wiki zilizobaki. Hilo ni deni. Linganisha na mweka hazina wa likelemba hiyo hiyo, anayekusanya franka za wote ili ampe mwenye zamu, kisha anazila. Huyo alikabidhiwa kwa kazi maalumu. Kwake kifungu cha 95 kinaweza kusimama. Soko ni lile lile na pesa ni zile zile, lakini majibu ni mawili. Mtahini akitaka kukupima atabadilisha hapo hapo.

Ikiwa ni deni, ibara ya 61 inaingia: kufungwa kwa sababu ya deni ni marufuku hata vita ikiwaka. Ongeza ibara ya 11 ya Mkataba wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao nchi yetu ilijiunga nao 1976: hakuna kufungwa kwa sababu tu mtu ameshindwa kutimiza mapatano. Ongeza ibara ya 9 ya mkataba huo na ya 6 ya Mkataba wa Afrika, zinazokataza kukamatwa kiholela. Usiziweke zote kama mzigo wa kuni. Kila moja iambatane na sentensi inayosema inaongeza nini juu ya iliyotangulia.

Kisha maswali ambayo wanafunzi husahau. Aliambiwa sababu ya kukamatwa katika lugha anayoielewa? Aliruhusiwa kuwasiliana mara moja na familia au wakili? Ibara ya 19 inampa haki ya kusaidiwa na wakili tangu uchunguzi wa polisi, siyo kuanzia mahakamani. Na "leta pesa, atatoka" ni nini kisheria? Polisi si mkusanyaji wa madeni.

Halafu mlango. Barua kwa mwendesha mashtaka, ambaye maofisa wa polisi ya mahakama wanafanya kazi chini yake. Taarifa kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa na sheria ya 21 Machi 2013. Malalamiko kwa kuzuiliwa kiholela: kifungu cha 67 cha kitabu cha pili kinataja mwaka 1 hadi 5. Parke ikiamua kumshikilia kwa hati ya kukamatwa ya muda, lazima imfikishe mbele ya jaji ndani ya siku 5; jaji akikubali, amri yake ya kwanza ni ya siku 15, na baadaye inaweza kuongezwa kwa mwezi mmoja mmoja. Andika tarehe hizo pembeni, kwa sababu kule Kasapa ndizo zinazopotea.

Wale wanawake tisa je? Nao wana haki ya pesa zao. Waende Mahakama ya Amani, ile tunayoiita Tripaix, kwa kesi ya madai. Jibu linalomwokoa mama na kuwasahau wadai ni jibu nusu.

Tukio la pili: maandamano na "ruhusa"

Wanafunzi wanataka kutembea kutoka kampasi hadi mjini kudai maji. Wanaandika barua kwa meya wakimtaarifu siku, saa na njia. Jibu linarudi: "Hamkuruhusiwa."

Hapa ibara ya 26 ya Katiba inakutana na dekrii-sheria namba 196 ya 29 Januari 1999. Dekrii hiyo, iliyotoka kabla ya Katiba ya sasa, inadai idhini kwa maandamano ya barabarani. Katiba inadai jambo moja tu: waandaaji wataarifu mamlaka kwa maandishi. Kutaarifu si kuomba. Ukichukua ibara ya 221, kipande cha 1999 kinachodai idhini hakikuendelea kuishi baada ya Februari 2006.

Lakini usiishie hapo, maana upande wa pili nao una hoja, na mtahini anaijua: ibara ya 26 inamalizia kwa kusema sheria itaweka namna ya utekelezaji. Meya atasema sheria hiyo ndiyo dekrii ya 1999. Mjibu kwamba namna ya kutekeleza haki haiwezi kuigeuza kuwa fadhila, kisha pitisha katazo lake kwenye kipimo cha kawaida cha mipaka: je, limetoka kwenye sheria, lina lengo halali, linahitajika kweli, na uzito wake unalingana na hatari? Kubadilisha njia ili kukwepa hospitali kunaweza kupita. Kukataza kila maandamano mjini kwa muda usiojulikana hakupiti.

Utakapofika kwenye Mkataba wa Afrika utaona ibara nyingi zinasema haki ipo "ndani ya sheria". Wanafunzi wanadhani hilo linaiachia serikali mlango wazi. Tume ya Afrika, yenye makao Banjul, ilikwisha kujibu 1998 katika kesi ya Media Rights Agenda dhidi ya Nigeria: sababu halali za kuweka mipaka ziko kwenye ibara ya 27(2), na sheria ya nchi haiwezi kuushinda Mkataba. Taja kesi hiyo, utatofautiana na darasa zima.

Swali gumu zaidi ni la hali ya kuzingirwa, iliyoanza Kivu Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021. Katiba inatoa siku 30, kisha bunge linaweza kuongeza siku 15 kila mara, na ikaongezwa tena na tena. Raia walipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Mkataba wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ibara ya 4, unaruhusu kusimamisha baadhi ya haki wakati wa dharura. Mkataba wa Afrika hauna ibara ya namna hiyo, na Tume ilisema katika kesi ya 74/92 dhidi ya Chad kwamba hata vita ya ndani si sababu ya kuuvunja. Kongo imefungwa na yote miwili. Ufuate upi? Mimi nasema wa Afrika, na silaha iko ndani ya ibara ya 4 yenyewe: hatua za dharura hazipaswi kupingana na wajibu mwingine wa nchi katika sheria ya kimataifa. Mwalimu wako anaweza kuona vingine. Mradi umepita njia hiyo, atakusikiliza.

Hukumu tatu za kusoma hadi mwisho

Soma hukumu yenyewe, siyo muhtasari wa mwenzako. Kwa kila moja andika ukweli wa mambo, njia iliyopitiwa, swali la sheria, jibu, na sababu. Ukurasa mmoja unatosha.

Ya kwanza ni Diallo, Guinea dhidi ya Kongo, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, 30 Novemba 2010. Mfanyabiashara aliyeishi Zaire tangu 1964 alizuiliwa siku 66 mfululizo kuanzia Novemba 1995, kisha akafukuzwa nchini 31 Januari 1996. Mahakama ilikuta kwamba amri ya kumfukuza haikutoa sababu, na tume ya uhamiaji haikuulizwa kama sheria ya Zaire yenyewe ilivyotaka. Ikapata ukiukaji wa ibara za 9 na 13 za Mkataba wa Kiraia na za 6 na 12 za Mkataba wa Afrika. Mwaka 2012 fidia ikawekwa dola 95 000. Ninaipenda kwa sababu inaonyesha kwamba karatasi isiyo na sababu inaweza kuishinda serikali nzima.

Ya pili ni mashauri ya pamoja dhidi ya Zaire mbele ya Tume ya Afrika, yanayojulikana kwa jina la Free Legal Assistance Group. Humo Tume ilisema kufunga vyuo vikuu na shule za sekondari kwa miaka miwili kulivunja haki ya elimu, na kushindwa kutoa maji safi, umeme na dawa kulivunja haki ya afya. Mwenye kubeba bidon kutoka bomba la mbali atasoma ukurasa huo kwa makini zaidi kuliko mwanafunzi wa Paris.

Ya tatu ni yetu: Kilwa. Oktoba 2004 jeshi liliurudisha mji huo mdogo wa ziwa Mweru kutoka mikononi mwa kikundi cha waasi, na zaidi ya raia 70 wakauawa. Magari ya kampuni ya Anvil Mining, iliyochimba Dikulushi, yalitumiwa na wanajeshi. Kesi ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi hapa Lubumbashi, na 28 Juni 2007 washtakiwa wakaachiwa kuhusu matukio ya Kilwa. Mashirika, likiwemo ACIDH la hapa mjini, yakalipeleka shauri Banjul. Uamuzi uliotangazwa 2017 uliipata serikali na hatia na kutaka waathirika 8 walipwe dola milioni 2,5. Isome kwa jicho la utaratibu: nani alikwenda wapi, baada ya nini, na kwa nini Tume ilikubali kwamba njia za ndani zimekwisha. Ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika, inayochosha darasani, inaeleweka hapo mara moja.

Nitataja jambo moja ambalo si hukumu. Usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi wa kampasi ya Lubumbashi walishambuliwa, na idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Anayesomea haki za binadamu katika mji huu bila kuulizia usiku huo amesoma kitu kingine.

Toka darasani, lakini kwa utaratibu

Mahakama ni bure. Ibara ya 20 inasema vikao ni vya wazi, isipokuwa jaji akiamuru faragha. Vaa vizuri, zima simu, kaa nyuma na daftari. Nenda Tripaix kwanza. Ni pale unapoona mtu wa kawaida na sheria vinavyokutana, Kiswahili kikiingia katikati ya Kifaransa. Andika: mshtakiwa alikamatwa lini, ana wakili, jaji aliuliza kuhusu muda wa kuzuiliwa? Utashangaa swali hilo la mwisho linavyosahaulika.

Gerezani na kwenye kasho usiende peke yako ukiwa na kadi ya mwanafunzi tu. Pita kwa wakili, kwa kliniki ya sheria kama kitivo chako kina moja, au kwa shirika linalojulikana. Ukiingia, uliza mambo matatu na uyaandike: tarehe ya kukamatwa, tarehe ya hati ya parke, tarehe ya amri ya mwisho ya jaji. Mazungumzo yawe ya heshima na mafupi:

"Papa, walikuleta hapa lini?"

"Nilikuja wakati wa mvua. Karatasi yangu ilibaki parke."

"Jaji umeshamwona?"

"Mara moja. Aliniambia nitaitwa."

Mvua siyo tarehe, kwa hiyo kazi yako ni kwenda kuitafuta hiyo karatasi, au kumwambia wakili wapi aitafute.

Sharti moja halina mjadala: usimhoji mtu aliyebakwa kuhusu kilichompata kwa ajili ya kazi ya shule. Wakati wa uasi wa Septemba 2020 gerezani Kasapa wanawake wafungwa walibakwa kwa siku kadhaa. Walikwisha kuhojiwa na watu wenye mafunzo. Wewe soma ripoti. Majina ya watu unaokutana nao yabaki nje ya daftari. Tumia herufi na namba, na usitume picha kwenye WhatsApp ya promosheni (darasa lenu). Sheria ya 15 Juni 2023 inawalinda watetezi wa haki za binadamu na kuwapa pia wajibu; isome kabla hujajiita mmoja wao.

Mtihani

Kwa maandishi, anza na ukweli na saa, kisha swali la sheria, kisha maandishi ya sheria, kisha hoja ya upande wa pili, kisha jibu linaloamua. "Inategemea" bila kusema inategemea nini ni sifuri.

Kwa mdomo, ukiulizwa "uhuru wa raia ni nini", usikimbilie maana ndefu ya silabusi. Sema ni haki ambazo sheria ya nchi imezitambua na kuzilinda dhidi ya mamlaka, toa mfano wa saa 48, taja ibara, nyamaza. Mwalimu ataendelea mwenyewe, na ataendelea mahali ulipopachagua wewe.

TFC na mémoire (kazi za mwisho wa masomo)

"Ulinzi wa haki za binadamu RDC" si mada, ni nchi nzima. Punguza mahali, muda, ibara na mamlaka. "Saa 48 za ibara ya 18 katika makasho ya mtaa wa Katuba kati ya Januari na Juni" ni mada. "Kufungwa kwa deni la likelemba: mazoea ya Tripaix moja ya Lubumbashi" ni mada, na sijaiona ikichoka. Wachimbaji wa mkono na walinzi wa makampuni ya migodi ni mada tajiri pia, ila uwe na mahali pa kulala salama na barua ya kitivo kabla ya kwenda Kolwezi au Likasi.

Kabla ya kumpelekea mwelekezi wako mada, hakikisha una majalada au vikao vya kutosha unavyoweza kuviona kwa macho. Wengi hupitishiwa mada nzuri, kisha parke inawafungia mlango Machi, na Juni wanaandika nadharia tupu. Omba barua ya utafiti mapema, ipelekee ofisi mbili, siyo moja.

Baada ya diploma

Uwakili unapitia stage (mafunzo ya kazi) ya miaka miwili chini ya wakili mwenye uzoefu, kulingana na ordonnance-loi ya 28 Septemba 1979. Tafuta patron mapema, maana wale wanaoshika kesi za watu waliozuiliwa wana nafasi chache na malipo madogo. Ujaji una mtihani wake wa kuingia, ambao hautangazwi kila mwaka. Mashirika ya mjini yanaajiri kidogo kidogo, mara nyingi kuanzia kwa kujitolea, na yanachoangalia ni kama unaweza kuandika ripoti ya kurasa mbili yenye tarehe, saa, mahali na kifungu sahihi. Peleka karatasi zako za haki na hukumu zako tatu pamoja na barua ya maombi. Relevé ya pointi wataidai pia, lakini ile wataifungua mwisho.